Binadamu, Mbu na Mfululizo wa Taylor

Ronald Ross, aliyeviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu huko Secunderabad, India, mwezi Agosti 1897, alikuwa daktari mwenye mapenzi makubwa na hesabu. Mwaka 1907 alitumwa Mauritius kutafuta njia za kuzuia malaria kisiwani humo, na katika miaka iliyofuata akaanza kuuandika ugonjwa huo kwa alama za hisabati. Toleo la 1911 la kitabu chake juu ya kuzuia malaria lina milinganyo miwili. Mmoja unaeleza kasi ya kuongezeka kwa watu wenye vimelea, na kasi hiyo inategemea mbu. Wa pili unaeleza kasi ya kuongezeka kwa mbu wenye vimelea, na hiyo inategemea watu. Ukitaka kuutatua wa kwanza unahitaji jibu la wa pili, na ukitaka kuutatua wa pili unahitaji jibu la wa kwanza. Hii ndiyo milinganyo iliyofungamana.

Kwa alama za leo, x ikiwa sehemu ya watu wenye vimelea na y sehemu ya mbu wenye vimelea, milinganyo yenyewe ni hii:

x′ = Ay(1 − x) − rx
y′ = Cx(1 − y) − uy

Alama ya mkato juu ya herufi ina maana ya kasi ya mabadiliko kwa siku. A inakusanya mambo matatu: mbu wangapi wapo kwa kila mtu, kila mbu anauma mara ngapi kwa siku, na uwezekano wa kuumwa kuleta maambukizi. C ni kuuma kwa siku mara uwezekano wa mbu kuambukizwa na mtu. r ni kasi ya watu kupona, u ni kasi ya mbu kufa. Tuchukue mbu wawili kwa kila mtu, kila mbu akiuma mara 0.3 kwa siku, na uwezekano wa nusu pande zote mbili. Hapo A ni 0.3 na C ni 0.15. Mtu abaki na vimelea kwa wastani wa siku 100, yaani r ni 0.01, na mbu aishi wastani wa siku 10, yaani u ni 0.1. Nimezichagua namba hizi kwa wepesi wa kukokotoa. Si vipimo vya kijiji chochote.

Anza na kijiji ambamo mtu mmoja kati ya kumi ana vimelea na mbu wote ni wasafi: x ni 0.1, y ni 0. Njia ya zamani kuliko zote ya kusonga mbele ni ile ambayo Leonhard Euler aliieleza mwaka 1768: pima kasi ya sasa, izidishe kwa urefu wa hatua, ongeza. Kwa hatua ya siku moja, x inakuwa 0.099 na y inakuwa 0.015. Yaani Euler anatuambia kwamba baada ya siku moja wagonjwa wamepungua. Jibu la kweli kwa milinganyo hii ni x karibu 0.1009 na y karibu 0.0142. Wagonjwa wameongezeka. Ukubwa wa kosa ni mdogo, lakini mwelekeo umegeuka, na katika afya ya jamii mwelekeo ndio unaoulizwa kwanza.

Kosa hilo lina chanzo kinachostahili kutazamwa kwa makini. Saa ya kwanza kabisa hakuna mbu mwenye vimelea, kwa hiyo kasi ya x inaonyesha watu wanaopona tu. Maambukizi mapya yanatokana na mbu walioambukizwa baada ya saa hiyo, na ndani ya takriban robo ya siku yameshawazidi wanaopona. Euler hawezi kuliona hilo kwa sababu anatazama kasi peke yake. Mfungamano wa watu na mbu, hapa tulipoanzia, haumo katika kasi ya x. Umo katika mabadiliko ya kasi, yaani katika kipengele cha pili cha mfululizo. Anayekokotoa mifumo iliyofungamana kwa kipengele cha kwanza tu anaikata kamba inayoiunganisha, kisha anaifunga upya kila anapomaliza hatua.

Mfululizo wenyewe unabeba jina la Brook Taylor, Mwingereza aliyeuchapisha mwaka 1715, ingawa Madhava na wanafunzi wake wa Kerala, ng'ambo ya bahari yetu, walishapata mifululizo ya sine na kosine zaidi ya karne mbili kabla yake. Wazo ni kwamba ukijua thamani ya kitu sasa, kasi yake, mabadiliko ya kasi, mabadiliko ya hayo mabadiliko, na kuendelea, unaweza kuijenga thamani yake ya baadaye kama jumla ya vipeo vya muda: x₀ + x₁h + x₂h² + x₃h³ na zaidi, h ikiwa urefu wa hatua. Kazi yote ni kuzipata koefishenti, yaani hizo x₀, x₁, x₂ na kuendelea.

Hapa ndipo vitabu vingi vya kufundishia vinapomtendea Taylor isivyo haki. Vinaanza naye, vinaonyesha kwamba Euler ni Taylor aliyekatwa baada ya kipengele cha kwanza, kisha vinamwacha kwa sentensi moja: derivativu za juu, yaani mabadiliko ya kasi na yanayofuata, ni ngumu kuzipata. Kwa mkono ni kweli. Derivativu ya pili ya x ni Ay′(1 − x) − Ayx′ − rx′. Ya tatu ina vipande zaidi, ya nne inaanza kutisha, na ya kumi ni ukurasa mzima ambao hakuna mtu angeunakili bila kukosea. Hata programu zinazofanya aljebra kwa herufi huelemewa, maana kila derivativu inavimba kuliko iliyotangulia.

Lakini nani alisema tunahitaji maandishi ya derivativu? Tunahitaji namba. Mifululizo miwili ikizidishwa, koefishenti ya k ya jibu ni jumla ya x₀yₖ, x₁yₖ₋₁, na kuendelea hadi xₖy₀. Na kasi ya mfululizo wowote ina koefishenti (k+1)xₖ₊₁. Mambo haya mawili yanatosha kuigeuza milinganyo ya Ross kuwa msimbo wa mistari minne:

for k in range(N):
    p = sum(x[i]*y[k-i] for i in range(k+1))
    x[k+1] = (A*(y[k] - p) - r*x[k])/(k+1)
    y[k+1] = (C*(x[k] - p) - u*y[k])/(k+1)

Huo ndio utaratibu mzima wa kupata koefishenti hadi oda yoyote unayotaka, yaani hadi kipeo chochote N cha h. Hakuna derivativu iliyoandikwa, na faktoria imemezwa na ule mgawanyo wa (k+1), jambo la faida kwa sababu faktoria ya 20 pekee inazidi bilioni bilioni mbili. Ni kazi ya kusuka ukili: huwezi kuumaliza mwaa mmoja kwanza ndipo ushike mwingine. Koefishenti zote za x haziwezi kutangulia zile za y. Kila oda inapatikana kwa pande zote mbili, ndipo oda inayofuata inawezekana. Lakini ndani ya oda moja, haijalishi mstari wa tatu au wa nne utangulie, maana upande wa kulia wa yote miwili unatumia vitu vya oda k tu. Tena ule mkusanyiko p unakokotolewa mara moja na kutumika kotekote. Mfungamano ambao kwa mkono ulikuwa mzigo, kwenye msimbo unapunguza kazi.

Kwa kijiji chetu, koefishenti za x zinatoka 0.1, −0.001, 0.00203, −0.0000896, za y zinatoka 0, 0.015, −0.0009375, 0.000138. Tazama ile 0.00203: ni kubwa mara mbili ya iliyoitangulia na ina alama tofauti. Hapo ndipo mbu walioambukizwa wanapoingia kwenye hesabu ya watu.

Swali linalofuata ni hatua iwe ndefu kiasi gani, na jibu lake ni tunda zuri la njia hii. Kila mfululizo una masafa yake ya kufaa. Mlinganyo rahisi y′ = y² ukianza na 1 una koefishenti ambazo zote ni 1, na jumla yake haina maana yoyote h ikifika 1, kwa sababu jibu lenyewe linapaa bila kikomo hapo. Wakati mwingine kikwazo hakionekani: 1/(1 + t²) ni mstari mtulivu kwa kila t halisi, lakini mfululizo wake kutoka sifuri unakoma kufaa kwenye 1, kwa sababu kikwazo kiko upande wa namba za kufikirika. Uzuri ni kwamba koefishenti zenyewe zinatuonya. Kasi ya kupungua kwake inakadiria masafa hayo. Àngel Jorba na Maorong Zou, katika kazi yao ya 2005 iliyokuja na programu kamili, walitumia kanuni hii: hatua iwe masafa hayo kugawanya kwa e², yaani karibu 7.4, na oda iwe karibu nusu ya logi asilia ya kosa unaloliruhusu, alama yake ikigeuzwa, jumlisha moja. Kwa usahihi wa tarakimu 16, ambao ndio kikomo cha namba za kawaida za kompyuta, oda inatoka karibu 20. Programu inajichagulia hatua bila kujaribu na kurudi nyuma.

Mshindani wake mkuu ni njia ya Runge na Kutta, iliyotoka Ujerumani kati ya 1895 na 1901. Hii inakwepa derivativu kwa kupima kasi mara kadhaa ndani ya hatua moja na kuchanganya vipimo. Ile ya oda 4 inapima mara nne na ndiyo inayofundishwa karibu kila mahali, kwa haki kabisa: ni fupi, haijali milinganyo imeandikwaje, na kwa tarakimu tano au sita inatosha. Bei inapanda kadiri oda inavyopanda. Oda 5 inadai vipimo 6, oda 8 inadai vipimo 11, na ile ya oda 10 iliyopatikana mwaka 1978 ina vipimo 17, kila kimoja kikiwa na namba zake za kuchanganyia zilizotafutwa kwa jasho. Kwa Taylor, kutoka oda 10 kwenda 40 ni kubadilisha N.

Tofauti hiyo inakuwa bonde unapotaka usahihi wa juu. Kwa Runge na Kutta wa oda 4, kila tarakimu nne za ziada zinadai hatua iwe fupi mara kumi. Kutoka tarakimu 16 kwenda 32, hatua zinaongezeka mara 10,000. Kwa Taylor, oda inapanda kutoka karibu 20 hadi karibu 38, na kwa kuwa kazi ya kuzidisha mifululizo inakua kwa kipeo cha pili cha oda, gharama ya kila hatua inaongezeka takriban mara nne, ukiacha uzito wa namba ndefu zenyewe.

Nani anahitaji tarakimu 32? Malaria haihitaji. Mfumo wa mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz unahitaji zaidi ya hizo. Milinganyo yake mitatu ya 1963, yenye namba maarufu 10, 28 na 8/3, ina mazidisho mawili tu, kwa hiyo inaingia kwenye msimbo wa Taylor kwa urahisi uleule wa Ross. Lakini katika mfumo huo kosa lolote dogo linakua kwa wastani wa e kwa kipeo cha 0.9 kila kizio cha muda, yaani unapoteza karibu tarakimu 0.39 kwa kila kizio. Ukianza na tarakimu 16, baada ya vizio 40 hivi huna hata moja ya kuiamini, hata kama njia yako haina kosa lake lenyewe. Shijun Liao na Pengfei Wang walipotaka njia ya kuaminika hadi vizio 10,000, hesabu hiyohiyo iliwadai zaidi ya tarakimu 3,900. Mwaka 2014 walichapisha jibu lililotumia tarakimu 4,180 na mfululizo wa Taylor wa oda 3,500, likikokotolewa na kompyuta kuu ya China, Tianhe-1A, kwa vichakataji 1,200. Sijui njia nyingine ambayo ingewafikisha huko. Wataalamu wa mizingo nao wanaitumia kwa vitu vinavyotuhusu zaidi: jiwe la angani Apophis, ambalo tarehe 13 Aprili 2029 litapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, limefuatiliwa pia kwa programu za Taylor za lugha ya Julia zilizoandikwa Mexico.

Turudi kijijini, maana huko kuna mambo ambayo mistari minne haikuyagusa. Mbu hawawi wawili kwa kila mtu mwaka mzima. Pwani yetu ina masika na vuli, na A inapaswa kupanda na kushuka pamoja na mvua. Ukiiandika kwa kosine mbili, moja ya siku 365 na nyingine ya nusu yake, unahitaji mfululizo wa kosine. Kosine haipatikani bila sine, wala sine bila kosine, kwa kuwa kila moja ni kasi ya mwenzake, alama ikigeuka upande mmoja. Kwa maneno mengine, kosine na sine zenyewe ni milinganyo miwili iliyofungamana, nazo zinaingia kwenye mzunguko uleule kama vigeu vipya. Ujanja huo unafanya kazi kwa karibu kila kitu kinachoandikika kwa fomula: eksponenti, kipeuo, mgawanyo. Mfumo unarefuka, lakini kila mlinganyo unabaki wa kujumlisha na kuzidisha.

Kisichoandikika kwa fomula ni habari nyingine. Ukiwa na mvua halisi iliyopimwa kila asubuhi na kuunganishwa kwa mistari iliyonyooka, kuna kona kila siku, na mfululizo haukati kona. Vilevile siku vyandarua vinapogawiwa au nyumba zinapopuliziwa dawa, A inaruka ghafla. Kwa mruko mmoja dawa ni rahisi: simamisha hatua siku ileile na uanze mfululizo mpya. Kwa kona 365 kwa mwaka, oda 20 ni nguvu ya bure, na Runge na Kutta anakaa mahali pake.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye mifumo yenye mambo ya kasi zilizoachana mno. Mfano unaotumiwa sana ni mmenyuko wa kemikali tatu ambao Robertson aliuandika mwaka 1966, wenye kasi za 0.04, 10,000 na 30,000,000. Kemikali ya haraka inatulia mara moja na kuonekana kana kwamba haipo, lakini njia zote zinazotabiri mbele kutoka nukta ya sasa zinalazimika kwenda kwa hatua zake fupi hadi mwisho, la sivyo hesabu inalipuka. Kuongeza oda hakusaidii sana. Hatua mara kasi ya haraka haipaswi kuzidi 2 kwa Euler, karibu 2.8 kwa oda 4, na kwa oda 20 haifiki 10. Oda imeongezeka mara tano, ruhusa mara tatu. Kwa mifumo hiyo tumia njia zinazotatua mlinganyo wa mwisho wa hatua, wala usimlaumu Taylor kwa kazi isiyo yake.

Namna ya kuupima msimbo nayo inahitaji uangalifu. Kwa namba zetu, aljebra ya kawaida inaonyesha kwamba kijiji kitatulia x ikiwa karibu 0.946 na y karibu 0.587. Wengi huendesha programu hadi itulie, wanaona namba hizo, wanaridhika. Kipimo hicho ni hafifu. Hata Euler, yule aliyekosea mwelekeo siku ya kwanza, anatua palepale, kwa sababu mahali pa utulivu kasi ni sifuri na sifuri haina kosa la kuzidishwa. Kinachopaswa kupimwa ni njia ya kufika: punguza hatua kwa nusu, ongeza oda, kisha linganisha x ya siku ya 5, ya 20 na ya 60.

Na baada ya usahihi wote huo, bado kuna kinachoweza kukosewa. Tuseme tunataka kuchagua kati ya kupunguza idadi ya mbu kwa nusu na kupunguza maisha yao kwa nusu. Idadi ya wagonjwa wapya ambao mgonjwa mmoja anawazaa mahali ambapo wote bado ni wazima, kwa milinganyo ya Ross na namba zetu, ni 45. Ukipunguza mbu kwa nusu inakuwa 22.5. Ukipunguza maisha yao kwa nusu inakuwa 22.5 vilevile. George Macdonald, katika kitabu chake cha 1957, alisisitiza jambo ambalo milinganyo hii miwili haikulibeba: vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla. Weka siku 10 za kukomaa, na 45 inashuka hadi karibu 16.6. Sasa nusu ya mbu inaleta 8.3, na nusu ya maisha yao inaleta 3.0. Tofauti hiyo haipo katika tarakimu yoyote ya Ross, hata ukikokotoa 4,180. Ucheleweshaji wa siku 10 unaifanya kasi ya leo itegemee y ya siku 10 zilizopita, kwa hiyo msimbo unapaswa kuhifadhi koefishenti za kila hatua iliyopita badala ya kuzitupa. Kwa Taylor hilo ni jepesi, maana kila hatua inaacha nyuma fomula kamili ya muda wake, na thamani ya dakika yoyote ya juma lililopita inapatikana kwa kuijumlisha tena.